Saini Tano za Dwight

...na kalamu bado iko juu ya goti lake, haijasogea tangu niegeshe, saa kumi na dakika thelathini na nane, posta inafunga saa kumi na moja kamili, nimezima injini kuokoa mafuta na jua la mji huu wa Lawton linatukaanga humu ndani ya pikapu kama mayai, saini basi Dwight, nimemwambia, fomu ni tano, kila mwaka na fomu yake, zangu nimeshaweka zote, na yeye anasema eeh?, kwa sababu nimeongea na sikio la kushoto, lile lililokufa kabisa, basi napaza sauti, SAINI, na mwanamke anayepita na kifurushi anageuka kututazama, tazama tu mama, ni mume na mke wanazungumza... miezi kumi na moja na wiki tatu barua ililala ndani ya kisanduku chake cha ndoano, chini ya vyambo vya plastiki, nisingeiona kamwe kama bomba la jikoni lisingevuja nikaenda kutafuta koleo, barua ya serikali, masikio na mgongo, ulemavu asilimia arobaini, kuhesabiwa tangu siku aliyostaafu jeshi, miaka sita nyuma, na nilipomwonyesha alisema ah, hiyo haina kitu, hawatoi hata senti ya nyuma, na kweli hawatoi, pensheni alishaipokea nzima na hakuna kulipwa mara mbili, mwingine angeishia hapo, mimi nimepakua chakula kantini ya shule miaka tisa na nimejifunza kusoma maandishi madogo chini ya karatasi, nikaipeleka kwa yule mzee wa maktaba anayesaidia watu kodi bure, akavua miwani, akasema dada, pensheni ya jeshi inakatwa kodi, fidia ya ulemavu haikatwi, sasa sehemu ya pensheni yenu imegeuka fidia tangu zamani na nyinyi mmeilipia kodi miaka yote hiyo, daini, mnaweza kurudi nyuma miaka mitano, ila mna mwaka mmoja tu tangu tarehe ya barua, akatazama tarehe, akavaa miwani tena, mungu wangu, akasema, ni Alhamisi ijayo... leo ndiyo Alhamisi, kodi ya kurudishiwa ni dola elfu sita na mia nne, na yule mama wa benki inayotaka kuiuza nyumba yetu kwa deni amesema nimletee stakabadhi ya posta yenye tarehe ya leo, atawaomba wakubwa wake waiache nyumba hadi Desemba, stakabadhi tu, karatasi ndogo kama ya dukani... "Escamilla walimpa asilimia kumi," anasema, na mimi nilijua tutafika kwa Escamilla, wiki nzima nilipoweka fomu mezani alisema kesho, kesho, nikajua ni Escamilla, walipakia mzinga mmoja pamoja miaka minne, mgongo wake ulikuwa mbovu kuliko wa Dwight, tulimzika Oktoba iliyopita, "Kumi, Tonya. Mimi ni nani nichukue arobaini? Kwa masikio?" "Escamilla alimwambia daktari yuko sawa," nasema. "Mnajisifia hilo nyote. Mtu anatembea kama kiti kilichovunjika, yuko sawa." "Alikuwa mwanajeshi." "Na watoto wako, Kaylin na mdogo wake, walale wapi, sajini? Kwenye kisanduku cha ndoano?" na hapo mizinga ya mazoezi kwenye kambi ya jeshi inalia, dum, kioo cha pikapu kinatetemeka, mjini hapa hakuna anayegeuza shingo, hata mtoto mchanga haamki, lakini mkono wake uliokuwa unaielekea kalamu unaganda hewani, nauona, unarudi pajani, saa kumi na dakika arobaini na tatu, na mtu mmoja anatoka posta akifunga mkoba, tafadhali asiwe ndiye wa dirishani... "Halafu ile arobaini si yangu," anasema, "ni yako. Wewe ndiye uliyeongea," na ni kweli, daktari aliuliza unalalaje, akasema vizuri, nikasema analala sakafuni jikoni, aliuliza unasikiaje, akasema eeh?, nikacheka peke yangu na nikasema yote, mgongo, televisheni inayosikika hadi kwa jirani, soksi ninazomvalisha mimi, na yeye alitazama ukuta kama mtoto aliyeletwa na mama yake... "Zisaini wewe, bwana," anasema, "unaijua saini yangu kuliko mimi," na ananipa kalamu, Mungu ananisikia, wiki nzima nimeitamani sentensi hiyo, naijua kweli, D kubwa yenye tumbo na mkia unaokimbia, nimeighushi kwenye karatasi za shule miezi kumi na miwili alipokuwa vitani, kisha kumi na mitano, ruhusa ya ziara, ruhusa ya meno, nikiweka jina la mtu asiyekuwepo mezani, nafungua kifuniko, naweka ncha kwenye mstari, nyumba iko hapa kwenye ncha hii, sakafu niliyoipiga deki mara ngapi, na mkono haushuki, shuka basi, ni herufi tu, nani atajua... mimi nitajua, nimeongea kwa niaba yake, nimesikia kwa niaba yake, nikisaini na hii basi yuko vitani bado na mimi bado niko peke yangu na karatasi, na hayo sikuyajua asubuhi nilipokuwa nabandika stempu kwenye bahasha tano, nilidhani ninachoogopa ni benki... nairudisha kalamu gotini pake. "Hapana," nasema. Nimeinama mbele yake nikasema polepole, upande wa kulia, wa sikio linalosikia. "Tonya, itafungwa." "Naiona saa." "Utapoteza nyumba kwa ajili ya saini?" Nimejibu vya kutosha miaka ishirini, mizinga inalia tena, dum, kalamu inatikisika juu ya suruali yake na haianguki, saa kumi na dakika arobaini na tisa, mlango wa posta bado wazi, na mimi nimeweka mikono yote miwili kwenye usukani ili isimsaidie...