Usichome Tairi kwa Mdomo wa Shangazi

Nawaandikia akina mama ambao watoto wao wameanza kupeleka magari uwanjani siku za Jumamosi, kushindana mbio mawili mawili kwenye barabara iliyonyooka. Mtoto hatakwambia haya, na baba yake ndiyo kabisa, maana naye anapenda moshi.

Kabla gari halijasogea kwenye taa za kuanzia, tairi za nyuma lazima zichomwe. Dereva anaziingiza kwenye dimbwi la maji nyuma ya mstari, anabana breki za mbele, anakanyaga mafuta, na tairi zinazunguka palepale mpaka zipate joto zianze kunata. Hilo sina ugomvi nalo. Tairi baridi inateleza kama sabuni. Lakini ikichomwa kupita kiasi inalainika kama siagi juani, na gari linateleza vilevile, tena likiwa na mwendo. Sasa nani anajua zimetosha? Dereva yuko ndani ya moshi, hajui kitu. Anayejua ni yule aliyesimama mbele ya gari. Mbele ya gari la binti yangu Kezia nasimama mimi.

Sikuiomba kazi hiyo. Ilikuwa ya mume wangu Lemuel, mpaka usubi ulipomwingia jichoni. Huku kwetu Georgia kusini kila mtu anajua usubi unaupuliza kwa pembe ya mdomo, mkono unabaki chini. Lemuel akasahau, akaupunga kwa mkono. Kezia akadhani anaitwa. Akatoka dimbwini mzima mzima, na Lemuel na tumbo lake lote akaruka ukuta, soda mkononi.

Jioni hiyo Kezia akasema, "Baba, wewe kaa na karanga zako. Namtaka mama. Mama akiogopa haendi popote, anaganda."

Ni kweli, naganda. Nimeogopa tangu mtoto huyu alipojifunza kutambaa.

Basi Jumamosi iliyopita akapangwa kushindana na shangazi yake, Verlene, dada wa Lemuel. Verlene ana namba 41 kwenye mlango wa gari lake, namba aliyokimbia nayo marehemu baba yao, na walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo wa msimu: siku Kezia akimshinda, namba inahamia kwake. Kezia alimpenda babu yake kupita kiasi. Wiki nzima hakula vizuri.

Tulipokuwa kwenye foleni, Verlene akatoa kichwa dirishani.

"Wifi! Umemlisha mtoto? Maana leo atakula moshi wangu tu."

"Jiangalie wewe," nikamwambia. "Hiyo helmeti imekubana mashavu mpaka unafanana na bata."

"Kezia, mwanangu! Hivi wewe huwa unachoma tairi au unapasha chai? Juzi niliona kamoshi, nikajua kuna mtu anakaanga yai."

Mabenchi yote yakacheka. Jamaa mmoja akapiga kelele, "Yai! Yai!" na wengine wakaitikia. Kezia akawa mwekundu wa macho.

"Shangazi, leo utanikoma!"

Nikaingiza kichwa dirishani kwake. "Hakuna cha kukomana. Unaangalia mikono yangu. Nikikunja ngumi, unaachia mafuta."

"Mama, kanidharau mbele ya watu."

"Mwache aseme. Namba ya babu yako utaipata kule mwisho wa barabara. Humu dimbwini haimo."

Akapandisha kioo. Nikaenda kusimama mbele ya gari.

Wakaingia dimbwini pamoja. Verlene akakanyaga kwanza, moshi ukapanda juu ya mabenchi, watu wakasimama, wengine wakagonga makopo ya karanga. Kezia naye akakanyaga. Kwanza ukatoka mvuke mwepesi, wa maji tu. Halafu ukaja moshi mzito mweupe, harufu ya mpira ikanipiga puani, na nikaona kitu ninachokingojea siku zote: gari likaanza kusukuma mbele lenyewe, kama mbuzi anayevuta kamba. Tairi zimenata. Zimetosha.

Nikakunja ngumi.

Hakuachia.

Nilimwona kupitia kioo, meno nje, macho yako kwa shangazi yake. Verlene bado anachoma, anapiga na honi. Watu wanapiga kelele, "Ongeza, yai, ongeza!" Usubi ukanijia machoni, puani, kila mahali. Nikapuliza kwa pembe ya mdomo. Ngumi yangu haikushuka wala haikutikisika. Sikuwa jasiri, nimewaambia, nilikuwa nimeganda. Lakini mtoto akigeuka anikute palepale na neno lilelile.

Akageuka. Akaniona. Akaachia mafuta.

"Aaaah!" wakazomea mabenchini. Verlene akaendelea peke yake mpaka moshi wake ukafunika na choo cha wanaume.

Nikamwita Kezia taratibu mpaka kwenye mstari, nikajibanza ukutani. Taa za njano zikashuka, ikaja kijani.

Gari la Kezia likashika lami likaondoka limenyooka kama uzi. La Verlene likaguna, likayumba matako huku na huku, tairi zimeshakuwa uji. Akalirudisha, akalifukuza, karibu na mwisho pua ya gari lake ikafika mlangoni kwa Kezia, na mimi nikasikia mtu anapiga mayowe kumbe ni mimi. Taa ya ushindi ikawaka upande wetu.

Lemuel alimwaga karanga zote. Jamaa wa "yai" alikuwa ananikumbatia, simjui hata jina.

Verlene alirudi anacheka kuliko sisi. Akaibandua namba kwa kucha zake mwenyewe, polepole isichanike, akaibandika mlangoni kwa Kezia, na wote wawili wakalia kidogo na kucheka tena. Halafu akanivuta pembeni.

"Wifi, Jumamosi ijayo usimame mbele yangu pia."

"Nitakuzima mapema."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Hawa wangu wote wanapenda moshi."

Kwa hiyo akina mama, msiseme hamjaambiwa. Tafuteni mtu mwoga asimame mbele ya mtoto wenu. Mkimkosa, simameni wenyewe, na mkono ubaki pale mlipouweka. Mimi nimeshakubali kazi ya Verlene, na leo ni Jumatano tu, na tayari silali.