Mfuko wa Hewa Kwenye Usukani

Injini ilikuwa inanguruma, lakini mguu wa mkunga ulikataa katakata kukanyaga mafuta. Asubuhi hiyo alikuwa amepata ujumbe wa simu kutoka kampuni iliyounda gari lake: mfuko wa hewa uliomo kwenye usukani una kasoro, gari likigongwa unaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Alipeleke gereji ya wakala, abadilishiwe bure.

Mumewe, seremala, alitoka na kikombe cha chai. "Bado upo?"

Akamwonyesha simu.

"Matapeli hao. Cha bure siku hizi kiko wapi?"

"Nimewapigia gereji wenyewe. Wamesema gari letu limo kwenye orodha."

"Mke wangu, unazalisha watu bila kutetemeka, leo unaogopa usukani?"

"Kule najua la kufanya. Hapa sijui."

Binti yao akaja na begi la shule, akashika mlango wa mbele.

"Kaa nyuma."

"Mama, mimi si mtoto."

"Nyuma, nimesema!"

Aliendesha amejibana kwenye kiti, uso ameurudisha nyuma kama anayeepa kofi. Kila tuta liliurusha moyo wake. Alimshusha binti shuleni, akashika njia ya gereji. Kwenye makutano, gari la mizigo likamgonga kwa nyuma.

Mkunga alijifunika uso kwa mikono, akangoja.

Mfuko haukupasuka.

Dereva wa nyuma alikuja mbio. "Samahani, dada, breki zimenisaliti. Umeumia?"

Akatikisa kichwa. Alijikongoja nje, akaketi ukingoni mwa barabara, akampigia mumewe.

Seremala alifika kwa pikipiki ya kukodi. "Pole, mama. Lete ufunguo, nilipeleke mwenyewe."

Mkunga akamng'ang'ania shati. "Usikae pale. Nakuomba, baba watoto, usikae pale."

Tangu amwoe hakuwahi kumwona hivyo. Utani ukamwisha. Wakaita gari la kuvuta.

Gerejini, fundi alikata umeme wa betri, akasubiri, ndipo akaufungua usukani taratibu, kichwa amekiweka pembeni. Akawaonyesha kopo dogo la chuma lililokaa nyuma ya mfuko. "Unyevu umeingia humu. Baruti ya kuujaza mfuko ikiharibika inalipuka kupita kiasi, kopo lenyewe linapasuka."

"Lingepasuka leo?" seremala aliuliza.

"Siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana."

Seremala akabadilika rangi. "Mdogo wangu," alisema. "Ana gari kama hili hili. Jana alipata ujumbe, akaniuliza. Nikamwambia aufute."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Kaka, niko barabarani," sauti ikaja hatimaye kwenye spika. "Nampeleka mama kliniki..."

"Simama pembeni."

"Kuna nini?"

"Simama! Zima gari, mshuke wote wawili!"

Walisikia breki, kisha injini ikanyamaza. Mlango ulifunguliwa, na kwa mbali wakamsikia bibi kizee akilalamika: anashushwaje juani na miguu yake inauma?

"Tumeshuka," mdogo mtu akasema. "Kaka, unanitisha."

Seremala aliishusha simu. Alijitupa juu ya tairi kuukuu. Mkunga akaichukua simu mkononi mwake, akaanza kumweleza shemeji yake, pole pole.