Sauti Iliyobaki Ilemela

Wilhelmina alikuwa anageuza dagaa juu ya jabali, ufukweni kule Ilemela, aliposikia mtu anamwamkia. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, uchaguzi umekwisha, na wakili Kashindye alikuwa amepanda treni jana yake kwenda bungeni Dodoma.

"Shikamoo, Mama Antoni."

"Marahaba, wakili. Si uliondoka na treni?"

"Mwili ndio ulioondoka. Mimi sauti nimebaki. Kesi haijaisha."

Wilhelmina alivuta kigoda, kisha akakumbuka hakuna wa kukikalia. Hakushangaa. Wakati wa kampeni Kashindye alisimama palepale, mbele ya kaburi la Antoni, mwanawe pekee aliyezama ziwani akiwa mdogo, akaapa kwamba hatoki hapo mpaka kaburi lisalimike. Wenye kiwanda cha minofu ya sangara walikuwa wanautaka ufukwe wote wajenge, na Kashindye alikuwa amewafungulia kesi. Na Kashindye, tusimwonee, alikuwa wakili wa wanyonge kweli. Ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la vitenge la Rasik, ilinuka dagaa, maana ndivyo wateja wake walivyomlipa. Mtu wa namna hiyo akiapa juu ya kaburi, lazima kitu chake kibaki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sauti haishiki jembe, basi Wilhelmina aliipa kazi ya kufukuza yangeyange wasidonoe dagaa. Iliwafukuza kwa Kiswahili cha mahakamani, na ndege waliitii.

Kule Dodoma hakuna aliyegundua kwamba mbunge yule ni bubu. Wenzake waliitikia ndiyo kwa pamoja, naye aligonga meza. Jioni moja redio ilitangaza hoja ya kuwapa wawekezaji fukwe, meza zikagongwa, na katikati ya kishindo kile Wilhelmina alisikia pete ya Kashindye ikigonga mbao.

"Huyo si wewe?"

"Ndiye mimi," sauti ilisema kwa aibu.

"Mbona unagonga?"

"Wenzangu wanagonga, mama."

Alizima redio. Moyo ulimuuma, maana alikuwa amekwisha kumpenda wakili yule kama mtoto wake.

Siku ya kesi alikwenda mahakamani na sauti. Ilitetea asubuhi nzima, hata karani akafuta machozi. Hakimu alivua miwani.

"Nakusikia vizuri, ndugu wakili, na hoja zako zina uzito. Lakini sikuoni. Siwezi kuandika kwamba wakili alifika, wakati kiti kile ni kitupu."

Kesi ikafutwa.

Mheshimiwa Kashindye mwenyewe ndiye aliyekuja kuweka jiwe la msingi la kiwanda. Alikuwa amenenepa, shingo imejaa kwenye kola. Wilhelmina alipenya watu mpaka kwenye meza kuu.

"Mwanangu, sauti yako nimekuja nayo. Ichukue, useme neno moja tu. Sema hapana."

Mheshimiwa alifumbua mdomo. Kila aliyekuwa karibu aliona kwamba anaitaka. Kisha akawatazama wenye kiwanda, akagonga meza kwa pete, akachukua mwiko.

"Tunapinga," sauti ilisema. Watu walipiga makofi kwa adabu, wakidhani ni sehemu ya hotuba.

Ukuta ulijengwa na kaburi likabaki ndani, chini ya chumba cha barafu. Getini mlinzi alimzuia Wilhelmina kwa upole, akamwambia ni maagizo. Lakini sauti haihitaji kibali.

"Nenda ukae naye," aliiambia. "Mtoto yule hakuzoea baridi."

Tangu hapo, jioni akishaanua dagaa, huegemea ukuta kwa nje na kusikiliza. Sauti humsimulia Antoni bei ya dagaa, nani kaoa Igoma, mvua imenyesha wapi. Mwisho humwambia, kama wakili amwambiavyo mteja wake, "Mama hajambo. Kesi yetu imeahirishwa tu."

Wilhelmina anajua ilifutwa. Hukaza khanga yake kiunoni, akaweka mdomo karibu na matofali.

"Ndiyo, mwanangu," huitikia kwa nguvu, ili sauti yake nayo ipenye. "Imeahirishwa."