Kiti cha Mama Honorine

Ijumaa tarehe sita Aprili 1962, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Théodore alikuwa amechuchumaa kando ya bomba la maji la nyumba namba tisa akinoa panga lake, lile refu jembamba la kufyekea. Nyumba hiyo ilikuwa kwenye ukingo wa kulia wa mto, kati ya mji na maporomoko, huko Kisangani, mji ambao karatasi za serikali wakati huo bado ziliuita Stanleyville. Ilikuwa na vyumba sita, baraza ya saruji, michikichi kumi na miwili, na hekta moja na robo ya majani yaliyoteremka taratibu hadi kwenye maji. Théodore alikuwa ameyakata majani hayo kwa mkono kwa miaka kumi na tisa. Kila alipomaliza upande wa mto, upande wa barabara ulikuwa umeshaota tena.

Mama yake, Honorine, alikuwa ameketi chini ya mchikichi wa tatu, miguu ameinyoosha. Alikuwa amefariki mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, baada ya nguzo ya kutegea samaki kumwangukia mguuni na kidonda kuoza. Alizikwa hapohapo, kwa sababu wakati huo hapo palikuwa makaburi ya wavuvi wa maporomoko. Mwaka 1939 wakubwa wa koloni walihitaji kiwanja cha nyumba ya injinia. Wavuvi waliambiwa wahame. Makaburi hayakuambiwa kitu. Misalaba iling'olewa, majani yakapandwa, na watu arobaini na mmoja wakabaki chini yake.

Walikuwa wakitoka asubuhi, na zaidi baada ya mvua, wakakaa kwenye majani kuota jua. Injinia aliwaona mwezi uleule aliohamia, akasimamisha kibao cha kukataza watu kukaa juu ya majani. Théodore aliomba kazi ya bustani mwaka 1943 kwa sababu moja tu: geti lilimfungukia mtu mwenye kazi ndani, na halikumfungukia mwingine yeyote. Julai 1960, uhuru ulipokuwa na wiki mbili, alipeleka kwenye ofisi ya ardhi orodha ya majina arobaini na moja. Karani aliisoma yote, akatafuta kabatini, akamrudishia. Vibali vya kuzika havikuonekana. Asiyekuwa na kibali cha kuzikwa, karani alieleza kwa upole, hakuzikwa.

Sasa Théodore alikuwa na miaka hamsini na mmoja na mama yake bado alikuwa na thelathini na mmoja.

"Sogea hapa," Honorine alimwambia, akimvuta kichwa. Kila asubuhi alimng'oa mvi.

"Leo iko mingi?"

"Mingi sana. Nikitoa yote utabaki na kichwa sawa yai."

"Bon, iache. Batu wajue miko mutu mukubwa."

"Batu watasema weye njo papa yangu. Watauliza: ule muzee anatembea na kabinti gani?"

Alikuwa bado anacheka wakati Directeur Benoît alipotoka barazani na kikombe cha kahawa. Alikuwa mkurugenzi wa kazi za umma wa jimbo, mtu msafi, mwenye adabu, aliyepewa nyumba hiyo injinia alipoondoka.

"Bonjour, Papa Théodore. Bonjour, mama."

Walimjibu.

"Papa, tumepata uhuru, na weye ungali unainama. Mi sipendi kuona ile mugongo. Nataka kununua mashine ya majani. Si ile ya kusukuma. Ile mutu anapanda juu, anakaa, anaitembeza sawa mutuka. Kwa Abdulhamid kuko tatu, alizinunua kwa mundele moja, muzungu mwenye alirudi kwao. Weye njo unajua udongo. Donc, enda, chagua."

"Merci, patron."

"Lakini tusikilizane. Mashine moja, mutu moja. Yule anaitembeza, njo iko na kazi hapa." Alikunywa kahawa yake. "Na mama, tafadhali, kesho niko na wageni. Wale jamaa wasikae karibu na baraza wakati tunakula."

"Nitawaambia," alisema Honorine.

Directeur alipoingia ndani, Honorine aliutazama mguu wake. Kifo hakikuuponya, bado alichechemea. Maishani mwake alikuwa amepanda mtumbwi tu.

"Hiyo mashine," alisema, "mutu wa pili anaweza kukaa pembeni?"

Théodore alisema ataangalia. Alipima kama wavuvi wa kwao wanavyopima. Mtu akitaka kusuka mgono, kile kikapu kikubwa cha kunasia samaki kwenye maporomoko, hachukui kipimo cha chuma; huchukua kamba ya mmea wa kutambaa, huilowesha usiku kucha, kisha huizungusha kwenye mwili wa yule atakayeuvuta mgono. Théodore aliilowesha kamba Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alikaa na mama yake kwenye kizingiti cha stoo, ubavu kwa ubavu, akanyoosha kamba kutoka nyonga yake hadi nyonga ya mama, akafunga fundo.

"Uliza watu wa chini pia," alisema Honorine. "Si mi peke yangu, mashine itapita juu ya wote."

Aliuliza. Wale arobaini waliomba jambo moja: isiwe nzito.

Duka la Abdulhamid lilikuwa upande wa Mangobo, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Théodore alitembea juani, kamba ameivaa shingoni. Abdulhamid, ambaye babu zake walikuja na misafara ya pembe za ndovu na kubaki, alimkaribisha kwa kahawa na kumpeleka nyuma, ambako mashine tatu zilisimama juu ya matofali.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, mpya kuliko zote. Kisu chake kilikuwa na upana wa sentimita tisini, nayo ilikwenda haraka kuliko mtu anayekimbia. Kiti chake kilikuwa duara dogo la chuma.

"Hii wazungu walipenda sana," alisema Abdulhamid. "Lakini ni wembamba wa matako, wale."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, yenye kiti kirefu kama benchi la kanisani. Théodore alikaa, akasogea kushoto, akasogea kulia, nafasi ikabaki. Aliuliza uzito. Ilikuwa kilo mia tatu na arobaini. Alishuka.

"Juu ya nini? Hii ni chuma ya nguvu, papa. Wajukuu wako wataipanda."

"Kuko batu chini."

"Aa, kweli. Ni pale." Abdulhamid aliivuka bila kuisifu tena.

Ya katikati ilikuwa ya kijani. Ilikuwa na uzito wa kilo mia moja na themanini, kisu cha sentimita sabini na sita na gia tatu, iliwaka kwa kuvuta kamba mara mbili, na ingeweza kukata kona kuzunguka mchikichi bila kurudi nyuma. Mteremko wa kuelekea mtoni isingeuogopa. Théodore alivua kamba yake shingoni, akailaza juu ya kiti. Fundo liliangukia ukingoni kabisa, bila kuzidi wala kupungua.

"Unapima ya nani?" aliuliza Abdulhamid.

"Ya mama na mi."

"Anapanda sawa mwanaume, ama anakaa kando?"

"Kando. Iko na mguu mubaya."

"Basi umuwekee kitambaa. Chuma ikipata jua inaunguza, hata yeye."

Ile kamba ilikuwa imekauka. Kwao mgono huishi majini, na kamba hulinganishwa nao ikiwa imelowa. Hakuna mvuvi aliyewahi kuwa na sababu ya kubeba kipimo juani saa moja na nusu. Ilikuwa imefupika kwa upana wa vidole vinne, na Théodore, ambaye alijua kila aina ya kamba ya msituni, hakuifikiria.

Mashine ilifika Jumanne kwa lori. Directeur aliizunguka mara mbili, akaisifu rangi. Théodore alikaa kwenye kiti, Honorine akaja akichechemea, akatandika kitenge, akajaribu kukaa. Nyonga yake ilibaki nje vidole vinne. Alijaribu upande wa pili. Mashine ilipotikisika, aliteleza akakaa chini kwenye majani.

"Ulipima nani?" alimwuliza. "Mi, ama kuku?"

Théodore aliitoa kamba mfukoni, akaiangalia, akaelewa. Alishuka, akampa mama yake mkono, akamkalisha peke yake katikati ya kiti. Alimwonyesha gia na usukani, akavuta kamba ya kuwashia injini mara mbili. Kisha alitembea kando yake, mkono mmoja juu ya usukani, kama mtu anayemwongoza ng'ombe. Walizunguka michikichi yote kumi na miwili. Katika mzunguko wa pili Honorine alimwomba aondoe mkono. Katika mzunguko wa nne aliweka gia ya pili. Mguu wake mbaya ulining'inia bila kubeba kitu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1925, na alikuwa akiimba.

Ilikuwa hivyo kwa siku tisa. Théodore alitembea mbele akiondoa makuti, mama yake alimfuata juu ya mashine, na saa nne walipumzika pamoja, akamng'oa mvi. Théodore alimwambia mkewe nyumbani kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo.

Siku ya kumi Directeur alishuka kutoka barazani. Alikuwa amewatazama tangu saa mbili.

"Papa Théodore. Unakumbuka tulisema nini? Mashine moja, mutu moja."

"Ndiyo, patron."

"Yule anaitembeza njo nani?"

Honorine alizima injini.

"Mi ni mutu wa haki," alisema Directeur. "Sitafukuza mutu mwenye anafanya kazi muzuri. Mama anakata sawasawa. Hahitaji kadi ya kazi, hahitaji chakula, hahitaji nyumba, iko hapa tayari. Alors, weye, papa, umefika umri wa kupumzika."

"Yeye ni mama yangu, patron. Hajaomba kazi."

"Kama hataki, hakuna shida. Nitamwaga saruji. Saruji haiote majani." Alimgeukia Honorine kwa heshima, mikono nyuma. "Mama, unataka saruji?"

Honorine alitazama majani, na jamaa zake waliokuwa wamekaa huku na huku wakisikiliza. Saruji ingewafungia wote chini.

"Hapana, Monsieur le Directeur," alisema. "Nitakata."

Théodore alirudisha panga stoo. Mlinzi alimfungulia geti kwa mara ya mwisho, akamwambia pole, na kweli alisikitika.

Uzio wa nyumba namba tisa uliteremka pande zote mbili hadi ukingoni, lakini haukuziba upande wa mto. Wafu hawakuweza kuvuka majani. Walio hai walikatazwa kuyakanyaga. Kwenye maji hapakuwa na katazo. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, Théodore alirudi kwenye uvuvi wa baba yake, na kila siku saa kumi alasiri aliegesha mtumbwi mwisho wa mteremko, kiwiko kimoja juu ya jiwe. Honorine aliteremka na mashine, akasimama kwenye kona ya chini, na wakaongea robo saa. Mkono wake haukufika kichwani mwa mwanawe. Mvi zikaongezeka.

Agosti 1964 waasi waliingia mjini, na Directeur Benoît akatoroka kwa lori na suti moja. Nyumba ilichukuliwa na kanali wa waasi, kijana aliyevaa ngozi ya chui kichwani. Théodore alimpelekea orodha yake. Kanali alisoma majina yote kwa sauti, akasema wafu hao ni mashujaa waliodhulumiwa na wakoloni, akaagiza majani yaendelee kukatwa mafupi ili adui asipate pa kujificha. Mama aendelee, mapinduzi yanahitaji kila mtu. Geti lilibaki limefungwa.

Novemba jeshi la serikali lilirudi. Wiki ile mto ulibeba vitu ambavyo Théodore hakumsimulia mama yake, ingawa mama naye alikuwa ameviona. Nyumba ikapata kamanda, naye aliamuru majani yasizidi sentimita nne ili bunduki zione hadi majini. Orodha ya Théodore aliipokea, akaiweka kwenye faili. Kisha akatoa amri iliyobandikwa kando ya mto: hakuna mtumbwi kusimama mbele ya makao ya kijeshi.

Kesho yake, saa kumi kamili, Théodore alifika. Hakuegesha. Aligeuza pua ya mtumbwi kuelekea maporomoko, akakaza miguu, akaanza kupiga kasia dhidi ya mkondo, kwa nguvu ileile hasa ambayo maji yalimrudisha nayo. Wavuvi wa pale hujifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Mtumbwi ulibaki mahali pamoja, mbele ya kona ya chini.

Askari alisimama ukingoni.

"Eh, papa! Hapa hakuna kusimama!"

"Sisimame, chef. Miko napita."

"Unapita tangu saa kumi!"

"Mayi iko na nguvu."

Askari alilitazama kasia, ambalo halikutulia hata kidogo. Akaisoma amri upya, neno kwa neno. Kisha akakaa chini, akawasha sigara.

Honorine aliteremka na mashine, akaiacha injini ikinguruma, kwa hiyo waliongea kwa sauti ya juu. Alimwuliza kama amekula. Alimwambia anapiga kasia kwa mabega kama mzungu, atumie mgongo. Théodore alitumia mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na pumzi yake ilitosha dakika kumi na moja.

"Enda sasa," mama yake alimwambia alipoona mtumbwi unaanza kurudi nyuma. "Kesho."

Honorine aligeuza usukani, akapanda mteremko kwa mstari ulionyooka, juu ya wale arobaini. Alipofika kwenye mchikichi wa tatu alipunguza mwendo kidogo, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani mwenye mgonjwa, kisha akakata na majani ya kaburi lake mwenyewe. Nyuma yake majani yalibaki sentimita nne, kama amri ilivyotaka.