Sungura wa Mkunga

Alfajiri niliwakuta sungura watano wa mkunga mstaafu, jirani yangu, wamelala uani kwangu, wote wamekufa. Mbwa wangu alikaa kando yao akitikisa mkia kama anayengoja sifa. Pale uzio wetu unapogusa nyuma ya banda la sungura, ubao wa chini ulikuwa umeng'olewa.

Nilimfunga mbwa. Sikumpiga. Nilinawa mikono, nikakaa mezani, nikachukua karatasi.

Mimi ni fundi mwashi. Kusoma nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, na tangu hapo jambo zito silisemi kwa mdomo, naliandika. Nakala ya kwanza ya barua ilikuwa na makosa. Ya pili, mistari ilipinda. Nikiwa katikati ya ile ya tatu, nikasikia sauti ya mkunga ng'ambo ya uzio.

"Komeo la banda hukulifunga! Nimekuambia mara ngapi?"

"Nililifunga, mama. Haki ya Mungu," alijibu mkwewe, mjane wa mwanawe.

"Basi limejifungua lenyewe? Na mkunga wake nani, mimi? Kwenu unakujua. Nenda!"

Nilipaswa kuinuka. Niliona neno "tukio" halijakaa vizuri, nikalibadilisha. Sikuona hofu wala aibu. Mwili ulikuwa kama si wangu.

Saa nne nilipiga hodi, nimevaa koti. Mkunga aliipokea bahasha, akaigeuza, akanirudishia.

"Macho yangu hayaoni maandishi tena. Anayenisomea ndiye huyo kaondoka. Soma mwenyewe."

"Kwa heshima na taadhima, napenda kukuarifu kwamba mnyama aliye chini ya uangalizi wangu..."

"Mzee wee, sema kama watu!"

"Mbwa wangu ameua sungura wako. Amepita nyuma, kang'oa ubao. Komeo lilifungwa."

Alikaa kizingitini taratibu.

"Umejua tangu lini?"

"Alfajiri."

"Na nilivyomfukuza yule mtoto, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukawa unafanya nini?"

"Nanakili."

Hakucheka, hakutukana. Alinipa simu yake. "Mpigie. Mwambie wewe. Mimi sina uso."

Iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Mama?"

"Si mama, mwanangu. Ni jirani. Sungura wameuawa na mbwa wangu. Komeo ulilifunga."

Nyuma yake kondakta alikuwa anaita abiria.

"Nimesikia, baba."

"Rudi basi."

"Mama yuko hapo?"

"Yuko."

"Mbona haongei?"

Nikamnyooshea mkunga simu. Alitikisa kichwa, mikono kaibana magotini. Injini ilinguruma, kisha simu ikakatika.

"Anarudi?"

"Ameuliza mbona huongei."

Aliinuka kizingitini, akanisogelea. Halafu akasema, "Nipigie tena. Nitaongea. Hivi vitu huwa ananibonyezea yeye."

Nikabonyeza. Haikupatikana. Nikabonyeza tena.