Viti Sita vya Mwalimu Phanuel

Makhanu alimngojea Awinja langoni, bahasha mkononi.

"Mama Tracy, hii ni yako," alisema. "Elfu kumi. Ingia, keti, tazama mnada kama watu wengine. Usiinue tu mkono."

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu kasoro asubuhi, nyumbani kwa marehemu Mwalimu Phanuel kando ya barabara iendayo Isecheno. Mwalimu alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri. Wazungu wa mwisho walipofungasha virago baada ya Uhuru, alinunua samani zao moja moja kwa mshahara wa ualimu, akazitunza miaka yote hiyo. Sasa alikuwa amefariki, na mkewe, Mama Dorothy, alikuwa anahamia kwa bintiye Eldoret, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo kabati la Mwalimu lisingepita hata mlangoni. Kila kitu kilikuwa kimetolewa nje, kikapangwa kwenye nyasi zenye umande.

Awinja aliitazama bahasha, hakuigusa.

"Na nikiinua?"

Makhanu alicheka. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyempa Awinja kazi. Viti alivyonunua minadani, vilivyovunjika na kuliwa na mchwa, alivipeleka kwenye karakana ya Awinja nyuma ya soko. Awinja aliviunga, akavisugua msasa, akavipaka vanishi, akalipwa elfu moja na mia tano kwa kiti. Kisha viliondoka kwa lori kwenda Nairobi.

Mwezi wa pili wa mwaka huo bintiye Tracy, anayesoma huko, alimtumia picha ya kiti kwenye dirisha la duka. Bei ilikuwa elfu themanini na tano. Karatasi iliyofungwa mkononi mwa kiti ilisema kimetoka Uingereza. Awinja aliutambua mguu wa nyuma wa kushoto. Alikuwa ameuchonga yeye mwenyewe, kwa kipande cha mvule alichonunua huko Malinya.

Alianza tu kuweka pesa. Alitaka kununua randa ya umeme, lakini alipoona tangazo la mnada huu alibadili nia. Ijumaa, siku ya kutazama mali, alikuja akalala chali kwenye nyasi chini ya viti sita vya Mwalimu, watu wakimshangaa. Vikalio vilivyosukwa kwa henzerani vilikuwa vimetoboka, na kiti kimoja kilishikiliwa kwa waya. Lakini mbao ilikuwa mvule mtupu, na miguu iliungwa kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Aliinuka na nyasi mgongoni, akaenda mezani akalipa amana, akapewa kibao chenye namba ishirini na tatu.

"Ukiinua," Makhanu alisema sasa, "kazi yangu hutaiona tena. Na leo hutatoka hapa hata na kigoda. Chochote utakachotaka, mimi nitakipandisha mpaka ulie."

"Basi pandisha," Awinja alimjibu, akapita.

Alijua vizuri alichokuwa anakivunja. Makhanu na wenzake watatu hawakushindana kamwe. Mmoja akiinua mkono, wengine walitazama mawingu, na kitu cha elfu hamsini kilikwenda kwa elfu tano. Jioni walikutana kwenye hoteli moja mjini, wakala ingokho kwa obusuma, yaani kuku na ugali, wakakipigia mnada wao wenyewe mlango ukiwa umefungwa, wakagawana faida. Wenyeji wa kawaida waliojaribu kuingilia walitishwa au walipewa bahasha. Wenye mali walirudi nyumbani wakidhani vitu vya wazazi wao havikuwa na thamani.

Dalali aliitwa Kipngetich, kijana mrefu mwenye kofia ya majani na nyundo ndogo. Alianza na kabati la nguo la mahogani, milango miwili, kioo kizima.

"Nani ananianzishia?"

"Elfu tatu," alisema Makhanu, akipiga miayo.

Wenzake watatu walikuwa wanaangalia simu zao. Mama Dorothy alikuwa ameketi barazani na shali mabegani. Kabati lile alikuwa amelipaka nta kila mwezi tangu aolewe. Aliposikia elfu tatu aliinamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya shali.

"Elfu tatu mara ya kwanza. Elfu tatu mara ya pili..."

"Elfu kumi," alisema Awinja.

Watu waligeuka. Makhanu alimtazama, kisha akamtazama dalali.

"Bwana Kipngetich, huyu mama si mnunuzi. Huyu ni fundi wangu. Anakujanga tu kunisaidia kubeba."

Awinja alisimama. Aliinua kibao chake juu.

"Namba yangu ni ishirini na tatu. Amana nimelipa kama wewe. Fundi wako nilikuwa jana."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi. Kipngetich aliligeuza tangazo lake la masharti, akasoma, akainua nyundo. "Namba ishirini na tatu iko sawa. Elfu kumi. Kuna zaidi?"

"Kumi na mbili," alisema Makhanu.

"Kumi na tano."

"Ishirini!"

"Ishirini na tano," alisema Awinja. Hakutaja bei yoyote ambayo asingelipa. Aliijua mbao, alijua kabati lile lina thamani gani likisafishwa, na alijua pa kusimama. Makhanu aliposema thelathini na moja, Awinja alikaa chini. Nyundo ikagonga. Barazani, Mama Dorothy aliinua kichwa.

Ikawa hivyo kwa meza ya kulia. Ikawa hivyo kwa saa ya ukutani. Awinja alipanda hadi bei ya haki, akakoma, na Makhanu, ambaye sasa jasho lilimlowesha kola, alipita juu yake kwa hasira tu. Ile saa ya ukutani, mashine yake ya ndani ilikuwa imekufa kitambo. Awinja alikuwa ameiona Ijumaa kama mtu yeyote ambaye angefungua mlango wake mdogo. Makhanu hakuufungua.

Mwenzake mmoja, Isaiah, aliyekuwa mwembamba na mchache wa maneno, alimnong'oneza Makhanu sikioni. Makhanu alimsukuma kwa kiwiko. Kwenye dawati la kuandikia, Isaiah aliinua mkono wake mwenyewe.

"Elfu nane."

Wenzake walimtumbulia macho. Hilo halikuwa limetokea kamwe. Mwingine naye akaona ajitafutie, akasema elfu tisa, na kuanzia hapo kila mtu akawa kivyake. Hata mwalimu wa shule ya jirani aliyekuja kutazama tu alinunua rafu ya vitabu, akaikumbatia kama mtu aliyekutana na ndugu.

Awinja alifurahi kwa muda mfupi, kisha akaanza kuzihesabu tena pesa zake kichwani. Alikuwa amewafungua wote midomo, na viti sita vilikuwa bado mbele. Sasa navyo vingegombewa.

Kipngetich alivifikia saa saba. Awinja alianza na elfu kumi na tano. Isaiah alikwenda naye hadi arobaini, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Makhanu hakurudi. Kwenye pochi ya Awinja kulikuwa na elfu sitini na mbili, na hakukuwa na nyingine mahali popote duniani.

"Hamsini na tano," alisema Makhanu.

"Hamsini na nane."

"Sitini."

"Sitini na mbili," alisema Awinja, akahisi kama ameruka mto bila kuona ng'ambo.

Makhanu alimgeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sitini na tano."

Kipngetich alimngojea Awinja kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Awinja alitikisa kichwa. Nyundo ikagonga.

Hakulia. Alikwenda akasimama karibu na vile viti, akaweka mkono juu ya egemeo la kimoja, kisha akaelekea barazani kumuaga mwenye nyumba.

"Wewe ndiye namba ishirini na tatu," Mama Dorothy alisema. "Jana walikuja wanaume wanne wakaniambia vitu vyote vya mzee wangu havifiki elfu thelathini. Karibu niwape tukamaliza."

"Walikudanganya, Mama."

"Nimeona." Alimshika mkono. "Usiende bado. Kunywa chai."

Awinja alikuwa anakunywa chai hiyo kelele zilipoanza nyuma ya nyumba. Kulingana na masharti, kila mnunuzi alipaswa kulipa yote kabla ya saa nane, taslimu au kwa simu, la sivyo mali inakwenda kwa aliyemfuata kwa bei aliyotaja. Pesa za kundi zilikuwa mfukoni mwa Makhanu, na alikuwa amezimwaga kwa kabati, meza na saa mbovu. Sasa aliwataka wenzake waongeze.

"Niongeze nini?" Sauti ya Isaiah ilisikika hadi barazani. "Pesa yangu haikutoka nyumbani kuja kupigana na mwanamke. Ungemwachia kabati tu, saa hii tungekuwa na viti!"

"Nikopeshe tu mpaka jioni."

"Sina."

Makhanu alimwendea dalali akamwomba muda hadi Jumatatu. Kipngetich alifungua daftari.

"Bwana Makhanu, masharti uliyatia sahihi mwenyewe. Ni saa nane na dakika mbili." Kisha akapaza sauti. "Viti sita. Namba ishirini na tatu, elfu sitini na mbili, bado unavitaka?"

Awinja alishuka ngazi za baraza kikombe kikiwa bado mkononi. Alihesabu noti zote mezani, hadi ile ya mwisho, mbele ya Makhanu.

"Umejimaliza," Makhanu alimwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu Kakamega atakupa kazi. Na hayo makuni utayauzia nani?"

"Hilo si lako tena," alisema Awinja. "Sogea kidogo, nabeba kiti changu."

Hakuwa amebakiza hata nauli ya pikapu. Mwalimu wa rafu ya vitabu ndiye aliyembebea vile viti kwa pikapu yake, kwa ahadi kwamba Awinja atamtengenezea rafu ile bure. Njiani hofu ilimpata Awinja sawasawa. Mfuko ulikuwa mtupu, mteja wake mkubwa alikuwa amekuwa adui, na nyuma ya pikapu viti sita vyenye vikalio vilivyotoboka vilikuwa vinagongana kila gari lilipoingia shimoni.

Jumatatu alianza na kile kibovu zaidi, chenye waya. Kazi ilimchukua wiki tano, akifanya vibarua vya milango na vitanda mchana ili apate unga. Alipomaliza, alipasha chuma moto akachoma chini ya kila kiti: *Awinja, Kakamega*. Viwili vilinunuliwa na wakili wa mjini. Vinne vilikwenda Kisumu kwa mama mmoja aliyeuliza mara mbili kama kweli vilitengenezwa hapa, akaambiwa mara mbili kwamba ndiyo, akalipa. Makhanu hakuleta kitu. Watu walisema alikuwa bado na ile saa.

Aliyekuja ni Isaiah, asubuhi moja, na meza iliyovunjika mguu juu ya mkokoteni.

"Ile bei ya zamani," alisema, "elfu moja na mia tano."

"Elfu nane," alisema Awinja. "Na jina langu litakaa chini yake."

"Jina la nini? Mteja wa Nairobi ataliona aseme nini?"

"Atasema imetengenezwa Kakamega."

Isaiah alilalamika. Alitaja elfu nne, akataja elfu tano, akasema wanawake siku hizi hawana huruma. Awinja alichukua randa akaendelea na mlango aliokuwa anaufanya, na maranda yakaanguka yakijikunja miguuni pake. Isaiah aliugeuza mkokoteni akaondoka. Alifika kwenye kona ya soko, akasimama hapo muda mrefu na mzigo wake, akarudi.

"Niweke wapi?" aliuliza.

"Hapo chini ya bati," alisema Awinja bila kuinua macho. "Na iweke polepole. Huo mguu wa pili nao umelegea."