Konokono wa Jasi

"Shemeji, hilo jiwe nimelipika mimi," mwalimu alirudia. "Kwa mikono hii hii, kwenye beseni la kufulia."

"Punguza sauti."

"Nimeshapunguza. Nisingepunguza, afisa elimu angekuwa ameshasikia huko ukumbini."

Mkuu wa shule aliegemea mlango wa stoo ya maabara kwa mgongo, kama mtu anayezuia ng'ombe asitoke zizini. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa mwalimu. Nyumbani walikuwa mashemeji, shuleni alikuwa bosi, na leo haikujulikana nani kaja kugombana na nani. Stoo yenyewe ilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Mwalimu alisimama kati ya sinki na kabati la chupa tupu, akishindwa hata kukunja mikono bila kugonga kitu.

Kila mwaka, akifika kwenye mada ya visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, alikoroga jasi, ule unga mweupe wa plasta, na wanafunzi wake, wakaigandamizia kombe la konokono wa baharini, wakaacha alama ikauke. Kisha wakaipaka maji ya majani ya chai ipate uzee. Vipande hivyo alivifukia kwenye shimo nyuma ya maabara kwa matabaka: mfinyanzi chini, udongo mwekundu katikati, mchanga juu. Darasa lililofuata lilichimba kwa vijiko na kubishana ni kiumbe gani kilitangulia kuishi. "Wa chini ndiye babu," aliwaambia, na hapo ndipo alipoanzia mageuko ya viumbe, maana ukishajua nani babu unaweza kuuliza mjukuu kabadilika wapi.

Likizo hii iliyoisha, mafundi wa tangi la maji walichimba palepale. Wakaibuka na konokono mkubwa kama sahani. Mkuu alikuwa amefundisha biashara maisha yake yote. Visukuku alivijua kwa kuvisikia. Hakumuuliza mtu. Mwalimu alikuwa kwao, anamuuguza mama yake, na aliporudi jana alikuta konokono wake yuko ukumbini ndani ya sanduku la kioo, amelazwa juu ya kitambaa chekundu kama bwana harusi. Afisa elimu alishaalikwa, pamoja na wafadhili wanaotafuta shule ya kuijengea maabara mpya. Alimwambia mkuu ukweli jana ileile, getini. Mkuu akajibu kwamba wataongea. Sasa ndiyo walikuwa wanaongea, na wageni wameshakaa.

"Watoto wako wanajifunza chembe hai kwa mchoro wa ubaoni," mkuu alisema. "Hadubini hawajawahi kuigusa. Maabara imekuja yenyewe mpaka mlangoni, halafu wewe unaifungulia mbwa."

Maabara hiyo mwalimu aliililia kabla ya mkuu.

"Na sikwambii useme uongo," mkuu akaendelea, safari hii kwa upole. "Sema tu wataalamu bado wanachunguza."

"Wataalamu gani?"

"Mtaalamu si wewe? Na si bado unachunguza?"

Kidogo acheke. Shemeji huyu angeweza kumuuzia samaki maji. Lakini mkuu hakuishia hapo. Alimkumbusha kwamba nyumba anayolala ni ya shule, kwamba gari la shule linaendeshwa na mumewe, na kwamba mti mkubwa ukianguka ndege wote hukosa pa kulala. Hayo hayakuwa mapya. Asubuhi, mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu akamwambia bila kuinua kichwa, "Mama Pacha, meza tu. Kikishapita kooni hakina shida." Mapacha walikuwa mezani wanakunywa uji. Alimeza, na mpaka saa hii kilikuwa bado kooni.

Basi akaanza kuyapanga yale maneno kichwani. Wataalamu. Bado. Wanachunguza. Hakuna hata moja lililokuwa uongo likiwa peke yake.

Ndipo sauti ikapenya ukutani. Kidato cha kwanza walikuwa wanakumbushwa shairi la kuwakaribisha wageni. Mwalimu wa nidhamu aliuliza kwa kibwagizo konokono wetu ana umri gani, na watoto wakaitikia kwa pamoja: miaka milioni mia mbili!

Ni watoto walewale ambao yeye, mwalimu wa sayansi, aliwafundisha nyota muhula uliopita. Aliwaambia kuna nyota ambazo mwanga wake uliondoka huko kabla babu zao hawajazaliwa, wakamuuliza amejuaje. Hakuwakemea. Aliwatoa uwanjani, wakanyoosha kidole gumba, wakafumba jicho moja kisha jingine, mpaka kila mmoja akaona kidole kinaruka. Akawaonyesha jinsi umbali unavyopimwa kwa mruko huo. Hakuna aliyeruhusiwa kukubali kabla kidole chake hakijaruka. Leo wanaapa kwa majani ya chai. Na nyuma yao watakuwa wamekaa kidato cha nne, waliokoroga ile jasi wenyewe, wakimtazama mdomo.

"Fungua mlango, shemeji."

"Utasemaje?"

"Nitafundisha."

Mkuu alimwangalia, akaona kama amelainika. Akafungua.

Mwalimu aliingia ukumbini, akapanda jukwaani, akasalimia kwa kifupi. Akafunua sanduku la kioo, akamnyanyua konokono na kumkwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Mstari mweupe ukajichora katikati ya rangi ya chai, na unga ukadondoka juu ya kitambaa chekundu.

"Jiwe la bahari ya kale halikwaruziki kwa ukucha," alisema. "Hili ni jasi. Tulilikoroga mimi na kidato cha nne wale pale, na likaachwa shimoni. Mkuu hakujua, na mimi sikuwepo."

Afisa elimu alivua miwani. Mlangoni, mkuu alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Mwalimu hakumtazama. Alishuka jukwaani na jiwe lake, akaliweka sakafuni mbele ya safu ya kwanza, akawaambia kidato cha kwanza shairi wameshalimaliza. Sasa waje mmoja mmoja, na kucha zao.